Mashine Iliyoitwa Kidoti

Mimi ni wa mapokezi, na mdomo wangu hauna breki. Ghala zima la dawa linajua. Lakini kuna jambo moja sikumwambia hata mdogo wangu, tumbo moja, ambaye ndiye fundi wa kompyuta hapahapa kwetu.

Alipofiwa na binti yake wa pekee, wifi yangu alikataza jina la mtoto lisitajwe tena nyumbani. Tulimwita Kidoti, kwa ile alama nyeusi shavuni. Mdogo wangu hakubisha. Alikuja kazini akaipa jina hilo mashine ya barua pepe, na kutwa ukimsikia: Kidoti kachoka leo, Kidoti kaamka, msimsumbue Kidoti. Watu wakacheka, wakazoea, nao wakaiita hivyo.

Wifi akaja kujua, sijui kwa nani. Tangu hapo kila asubuhi ananipigia mezani, ati anauliza kama barua zinaingia. Hana barua yoyote anayoingoja. Namjibu, "Kidoti kaamka salama, wifi, anafanya kazi." Anashukuru, anakata. Mumewe hajui. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi shangazi ni nani hata niuingilie?

Ndipo akaja meneja mpya, mtu wa kupenda kila kitu kipangwe mstari kama viatu vya askari. Habari za mtoto hakuambiwa. Mdogo wangu alinikataza. Mwisho wa wiki meneja akamleta fundi wa nje, mashine ikabadilishwa jina ikawa Barua Moja. Jumatatu tukaingia kazini na moto unawaka. Hospitali zinazoagiza dawa kwetu zilipiga simu moja baada ya nyingine: mbona barua zetu zinarudi?

Mdogo wangu aliinamia skrini asubuhi nzima. Alizima akawasha, akakagua nyaya, akajitumia barua mwenyewe, nayo ikarudi. Kisha akaacha kubonyeza. Nikasogea.

"Kabadilisha juu juu," akaniambia. "Mashine sasa inajiita Barua Moja, lakini programu inayogawa barua haikuambiwa. Kila barua ikifika, programu inamtafuta Kidoti. Inaambiwa hayupo. Inairudisha ilikotoka."

"Si urudishe jina la zamani?"

"Hapana," meneja akajibu yeye, kumbe yuko mlangoni. "Jipya limeshapelekwa matawi yote. Lile la zamani lifute kila lilipo. Jina la mashine nalo la kugombania?"

Nilitaka kumpasha mpaka asahau njia ya kwao. Mdogo wangu akanishika mkono. "Dada, acha. Wagonjwa wanasubiri dawa."

Akafuta. Hakulifuta kwa mkupuo. Alianza mwisho, herufi moja moja, na ilipobaki ya kwanza akasita. Kisha akamaliza, akaandika jipya, akaiwasha programu upya. Maagizo yakamiminika, ofisi nzima ikapiga makofi. Yeye akaenda zake chooni. Niliwachukia wote kwa yale makofi, ingawa hawakuwa na kosa.

Simu yangu ikalia. Alikuwa wifi.

"Leo simu yenu haishikiki. Barua zinaingia?"

"Zinaingia, wifi."

Akangoja. Nilijua anachongoja.

"Na Kidoti?"

Tangu maziko sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake.

"Hayupo, wifi," nikasema. "Wamemfuta leo."

Akalia. Hata siku ya kumzika hakulia vile. Siku ile alikaa mkavu, tukamwogopa. Mdogo wangu alikuwa akirudi, uso umelowa maji, akasikia kilio kikitoka kwenye simu.

"Nani huyo?"

"Mkeo. Anamuulizia Kidoti. Kila asubuhi hunipigia kumuulizia."

Alinikodolea macho kana kwamba nimesema lugha ngeni. Meneja akatokeza kuuliza kuna nini. Nikamwambia arudi ofisini kwake, na alivyoniona uso alirudi. Mdogo wangu akaichukua simu, akaketi sakafuni nyuma ya meza yangu.

"Mama Kidoti," akaita. "Mama Kidoti, nipo."