Mita Tatu za Mwalimu Rozalia

Gungu nzima, Fundi Elikana hakumwogopa mtu ila Mwalimu Rozalia. Ndiye aliyemfundisha hesabu darasa la sita, na hata leo, ana ndevu na mke, akisimama mbele yake viganja vinamtoka jasho.

Juma lililopita mwalimu alimwita aende Bangwe, kando ya ziwa, kwenye nyumba iliyomeza kiinua mgongo chake chote. Alitaka njia mbili za vitofali, upana mita mbili: moja toka barabarani hadi ziwani, nyingine ikikatiza kiwanja. Elikana akapima kiwanja: urefu mita arobaini, upana ishirini na tano. Leo amekuja kuanza kazi, akapima tena kwa mazoea tu. Futi kamba iligusa maji kwenye thelathini na saba.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimepata mita za mraba mia moja ishirini. Ni shilingi milioni mbili na laki nne."

"Marahaba. Umekosea," alisema mwalimu kutoka barazani. "Themanini na hamsini, toa nne pale zinapokutana. Mia moja ishirini na sita. Rudia."

Akarudia. Pale palikuwa kimya mno. Hata banda la bata la jirani, lililokuwa ukingoni mwa maji, lilikuwa limeshahamishwa. Thelathini na saba.

"Hati inasema arobaini. Bikoni ya mpaka ipo, itafute."

Elikana akavua viatu, akaingia ziwani akipapasa kwa nyayo, roho mkononi, maana mamba hapigi hodi. Aliikuta bikoni maji yakimfika magotini. Jamani, hesabu nyingine heri uzikose.

"Iko mita tatu ndani, Mwalimu."

Mwalimu aliinuka barazani. Alishuka, akashika ncha ya futi kamba, akamwamuru aivute toka ukuta wa nyumba hadi majini. Kumi na mbili. Elikana akagawanya kimoyomoyo kwa zile tatu za juma moja, akaomba Mungu awe amekosea.

"Wiki nne," alisema mwalimu. "Na mvua bado."

"Wazee wanasema ziwa hurudi nyuma."

"Hurudi. Ila halisemi lini."

Akaitazama nyumba yake, na Elikana akamwonea huruma.

"Ya kwenda ziwani achana nayo, na ya kukatiza pia," alisema mwishowe. "Nijengee toka barabarani hadi mlangoni tu, upana mita tatu, gari la mizigo lifike. Kitanda cha marehemu mume wangu ni kizito."