Mashuka Sita ya Nyumba ya Wageni

Mkamwana wangu alifua mashuka ya nyumba ya wageni miaka tisa. Wafuaji wa pale walikuwa na mazoea yao: shuka likichakaa, msimamizi hulipiga fundo pembeni, na lenye fundo ni la wafuaji, wafanye watakavyo. Hayakuandikwa popote. Kisha msimamizi akastaafu, akaja bwana mmoja wa tai, naye akawa anapiga mafundo mashuka ya kupeleka kwa fundi yakashonwe. Hakumuuliza mtu, wala hakuna aliyemwambia.

Mkamwana akapita na mashuka sita getini mchana kweupe, yako kichwani, mlinzi akimtania kwamba leo anahama. Wiki tatu baadaye polisi wakaja. Matano wakayaanua kwenye kamba, la sita wakalitoa kitandani kwangu.

Mahakamani tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi miguu ikanivimba. Hakimu, mama wa makamo mwenye mafua, alieleza taratibu, hata mimi niliyeishia darasa la tatu nikaelewa. Kuchukua tu cha mtu hakutoshi kuwa wizi, alisema. Mpaka uwe umechukua bila ridhaa yake, kwa hila, na bila nia ya kurudisha. Ukiamini kweli kwamba ni haki yako, hata kama umekosea, hujaiba. Mlinzi akasema alichokiona. Nikamwona mkamwana anashusha mabega.

Ndipo wakaniita mimi, maana mafundo niliyafungua mimi.

"Bibi," hakimu akaniuliza, "yote sita yalikuwa na mafundo?"

Nilikwisha kuapa. Matano niliyafungua kwa meno, vidole vyangu haviwezi tena. La sita lilikuja limekunjwa, jipya, bado lina harufu ya pasi, akanitandikia bila kuniangalia usoni. Sikumuuliza.

"Matano, mheshimiwa. La sita halikuwa na fundo. Nililijua, na nikalilalia."

Mwendesha mashtaka akasimama, akasema basi hata bibi ana kesi, kupokea mali ya wizi huku akijua. Hakimu akapenga kamasi, akamwambia aliyeitwa hapa ni shahidi, aketi.

Hukumu haikuchukua muda. Kwa yale matano hana kosa. Kwa lile moja ameiba. Hatafungwa, ila atafagia ua wa mahakama miezi mitatu. Kazi ya kufua ndiyo imekwenda.

Kurudi nyumbani tulipumzika kila penye kivuli.

"Mama, ungesema tu yote sita. Nani angejua?"

Nikamwambia ningejua mimi. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na nguvu.

"Na huo mgongo wako unaolalamika kila siku, shuka lile ulilionaje?"

Nikamwambia mgongo ulishukuru, na hilo ndilo lililonichosha kuliko benchi. Alinipokea mkoba, akatangulia polepole ili nimfikie, akiuliza kama nyumbani tuna ufagio wa mpini mrefu au itabidi ainame.