Kitambaa cha Njano

Mpango wa kitambaa aliubuni Afisa mwenyewe, na aliuonea fahari. Pale ofisi ya ustawi wa jamii walimtania kwa ajili yake. "Umeshaikagua kamba yako leo?" bosi alimuuliza kila alipoingia, naye alijibu huku akikung'uta vumbi viatuni, "Kamba shwari, Mkuu."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kulikuwa na mama mmoja mzee aliyeishi na mwanawe wa pekee, jamaa ambaye mtaa mzima ulimwita Mcheshi. Majirani walinong'ona kwamba yule mama hushinda na njaa, na akilalamika husukumwa. Lakini kila Afisa alipokwenda kumhoji, Mcheshi alikuwa keshavuta stuli na kukaa katikati yao, anamwaga maneno ya kumtoa nyoka pangoni. "Dada yangu, huyu mama anavyokula, siku moja atanimeza na mimi!" Afisa alijikuta anacheka, halafu njiani akajichukia kwa kile kicheko. Mama mwenyewe, mbele ya mwanawe, hakuwa na la kusema zaidi ya sijambo, nashukuru.

Siku moja Mcheshi alitoka nje kupokea simu. Haraka haraka Afisa akachomoa kitambaa cha njano mkobani, akakitia mkononi mwa mama.

"Mama, mambo yakikuzidi, kianike kwenye kamba ya nguo hapo nje. Napita hapa kila asubuhi nikienda kazini. Nikikiona tu, nakuja kukutoa."

Chumba cha mama kilikuwa cha mbele na mlango wake ulifunguka barazani. Kutoka hapo mpaka kwenye kamba hata yeye na miguu yake ile angefika. Akakificha kitambaa kifuani. "Nitakianika, mwanangu," akasema.

Afisa akaanza kumkalia kooni msimamizi wa makao ya wazee mpaka akapata kitanda, na kitanda kikawekwa akiba kwa ajili ya mama. Kila asubuhi alipunguza mwendo mbele ya ile nyumba. Cha njano hakukiona. Alichokiona, baada ya muda, ni mashuka meupe peee na gauni la maua, vimefuliwa vikatakata, vinapepea. Alifurahi, tena alifurahi sana. Kumbe Mcheshi ameshika adabu, alijisemea. Mama analala kwenye mashuka safi. Msimamizi alipopiga simu kuuliza kama kile kitanda bado kinahitajika, maana wenye shida wamejaa mlangoni, Afisa alijibu kwa moyo mweupe kabisa, "Mpe mwingine. Huyu wangu yuko salama."

Ndipo mwanamke mmoja fundi cherehani akaja ofisini, tepu ya kupimia bado iko shingoni, amekunja uso kama mtu aliyekuja kudai haki yake.

"Mimi mpangaji kwa Mcheshi, chumba cha mbele."

Afisa aliinua macho. "Chumba cha mbele anakaa mama yake."

"Mama gani? Nakaa mimi, tangu mvua zianze. Nimekuja kwa sababu ya kelele. Kuna kitu kinagonga ukuta kule stoo ya nyuma. Nilidhani panya. Lakini panya hagongi, akapumzika, akagonga tena."

"Na yale mashuka kwenye kamba?"

"Ya kwangu. Kwani nyie mna shida gani na mashuka yangu?"

Afisa alikwenda mbio. Mcheshi alimfungulia stoo bila ubishi, funguo zikining'inia kidoleni. "Karibu, dada. Nilimhamishia huku kwenye utulivu. Anapenda utulivu, huyu!" Safari hii Afisa hakucheka.

Stoo haikuwa na dirisha. Mama alikuwa amelala kitandani kati ya madebe matupu na baiskeli mbovu, amebaki mifupa na macho. Na pale miguuni, kwenye chuma cha kitanda, kitambaa cha njano kilikuwa kimetandazwa vizuri, kimenyooshwa pembe zote.

"Shikamoo, Mama," Afisa akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa." Hakumlaumu, alisema tu. "Nilikianika. Kila siku nakitoa, nakianika upya. Nikadhani labda hakionekani vizuri, nikawa nagonga."

Afisa aliegemea mlango akalia waziwazi, Mcheshi akimtazama. Kisha akapiga simu. Msimamizi wa makao akamwambia kitanda kimeshapata mtu, na hata ukumbini wanalala chini. Akawapigia polisi. Askari akauliza mhusika mwenyewe anasemaje, na Afisa akamsogezea mama simu sikioni.

"Msimkamate," mama akamwambia askari. "Nimemzaa mimi. Nataka kuondoka tu, sitaki afungwe." Askari akasema basi hakuna mlalamikaji, na kuondoka ni suala la ustawi wa jamii. Bosi naye, alipopigiwa, akasema aandike ripoti, wataijadili.

"Kwangu nina chumba kimoja, Mama, na watoto ndani," Afisa akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Nitatafuta kitanda kingine. Nitatafuta, wallahi."

Alimnywesha maji, akamfuta uso. Alipokunja kile kitambaa ili akitie mkobani, kwa aibu ya kukiona, mama alimshika mkono kwa nguvu ambazo hakudhani bado anazo.

"Usikichukue. Sasa nikianike wapi, ndiyo ukione?"

Afisa aliangalia kuta zote nne. Mlangoni Mcheshi alikuwa anachezesha funguo, anamsubiri atoke.

"Hapo hapo, Mama," akasema. Akakikunjua, akakianika tena kwenye chuma cha kitanda, akakinyoosha pembe zote.