Vikombe vya Mto Kolovar

Niling'oa vikombe arobaini na vinne kwa mikono yangu mwenyewe, na leo mto Kolovar unapita ndani ya bomba.

Mwaka ule kila mgeni tulimhesabu mwizi wa maji. Kampuni moja ilitaka kuuingiza mto wetu kwenye bomba ili uendeshe mtambo wa umeme, na wapimaji wake walishakuja wakijifanya wavuvi, wakaacha vigingi vyenye utepe mwekundu. Tulivichoma, tukaanza kulinda daraja kwa zamu.

Mwezi Mei akaja Senka, binti wa chuo kikuu. Kuanzia ukingoni hadi juu mlimani, kila hatua hamsini, alifukia kikombe cha plastiki chenye siki. Pembeni kijiti. Kwenye kijiti, utepe mwekundu.

"Unapima nini, binti?"

"Nahesabu mbawakawa wanaotumbukia humo, mjomba. Wale weusi wanaotembea chini."

"Na mimi nahesabu chafya za mbuzi."

Hakucheka. Alinionyesha mmoja kiganjani. Huyu haruki, alisema, anaishi kwenye udongo mbichi chini ya mierebi, ile miti ya kando ya mto. Panda kidogo tu kwenye mawe ya chokaa, humwoni. Kule wako wengine. Hata bonde la pili lina wa kwake, maana mdudu asiyeruka hawezi kuuvuka mlima.

Mimi nilikuwa natazama ule mstari wa vikombe.

"Nani kakutuma?"

Aliinamia buti zake. "Siwezi kusema, mjomba."

Agosti wapimaji walirudi, wakapita palepale alipopita yeye. Septemba Senka akafukia vikombe upya.

"Nani analipwa kuhesabu wadudu, Vukoman?" jirani yangu Obren aliniuliza darajani. "Tumelala usingizi, bwana!"

Mke wangu, Milunka, alisema, "Muacheni kwanza, nyie wanaume."

Alfajiri iliyofuata nilipanda na gunia, ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Nilimwaga siki juu ya mawe, na wadudu nikawakanyaga.

Kijiji kilipoishtaki kampuni, mahakamani ndiko nilikojua. Wakili wetu ndiye aliyemtuma Senka, akamkataza kusema, kwa kuwa aliamini kuna mmoja kijijini anayeipelekea kampuni habari. Kama ingethibitika kwa hesabu mbili, ya Mei na ya Septemba, kwamba mbawakawa wa mierebi hapatikani bonde jingine lolote, ujenzi ungezuiwa.

"Hesabu ya Mei ninayo," alisema jaji. "Ya Septemba iko wapi?"

"Vikombe viling'olewa," alijibu Senka.

"Na nani?"

Senka aligeuka, akanitazama mimi, si mwingine.

"Hatujui," akasema.

Yule mpelelezi wa kampuni kijijini hakupatikana. Mpaka leo nikiwa dukani nawatazama wenzangu mmoja mmoja, na wao wananitazama mimi.

Tulishindwa kesi, tukapoteza kilomita tatu za mto. Vinu viwili vya mahindi vimesimama. Bustani kumi na moja za pilipili na maharage zimekufa, na mierebi ilikauka mwaka wa pili pamoja na kila kilichoishi chini yake. Obren amehamia kwa bintiye mjini. Nyumba tisa zimefungwa. Maji ya kunywa tunaletewa na lori kila Ijumaa, lita mia tano kwa nyumba, na Milunka huenda kuyapokea peke yake.