Kijiko na Kibao Kisicholia

Mimi si mtu wa subira, na nilimwambia hivyo Mama Mchungaji tangu mwanzo. Alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanieleza kwamba kanisa linaanzisha Jumamosi ya watoto wa mtaa wa chini: maombi, hadithi za Biblia, chai na mkate, halafu kila mtoto achague kitu cha kujifunza. Akaniomba nifundishe kushona. Nikamjibu kwamba wiki nzima nimeinamia cherehani, mgongo umeshakuwa ndoano, na wakinipa cherehani Jumamosi pia nitamchoma mtoto wa watu sindano. Nikasema nitafundisha kinanda, la sivyo nitabaki kwangu nilale. Akacheka, akakubali. Ni mtu mwema, ila hajui kumkatalia mtu, na hilo ndilo lililokuja kutuletea mambo.

Kinanda chenyewe kilikuwa kizee. Kilikaa kona ya ukumbi kimefunikwa kitambaa cha meza, na kibao kimoja cheupe, hapo katikati, kilikuwa kimekufa kabisa. Ukikibonyeza kinashuka vizuri tu, kama mtu anayeitikia kwa kichwa, lakini sauti haitoki. Fundi aliyeitwa kukitazama alitikisa kichwa akaenda zake. Kwa hiyo niliwafundisha watoto hivi: ukifika hapo bonyeza kama kawaida, na sauti itoe mwenyewe kwa mdomo. Wengi waliona ni mchezo. Wakifika hapo wanalia kama mbuzi, wanaanguka kwa kicheko, na mimi presha inanipanda.

Kijiko hakuanguka kwa kicheko. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu mara ya kwanza alikuja na kijiko chake mfukoni, akatangaza kwamba bibi yake kamwambia vitu vya kuazima vina maneno. Aliishi na bibi huyo chumba kimoja nyuma ya stendi, na kazi yao ilikuwa kuokota: chupa za plastiki, makopo, vyuma chakavu, chochote kinachonunulika. Mtaa ule nyumba nyingi zinakula kwa kazi hiyo, na wenyewe hawahangaiki kutaja wanaokota nini. Wanasema kuokota, basi. Asubuhi wakikutana njiani wanaulizana, "Umeokota?" na jibu ni ndiyo au bado. Hilo nililijua baadaye, na laiti ningelijua mapema.

Mtoto yule alikuwa na masikio. Nikipiga wimbo mara moja, anaurudia. Vidole vinatafutatafuta njia, lakini vinafika. Kwenye foleni ya chai alikuwa anafanyia mazoezi mgongoni kwa mwenzake wa mbele, mpaka huyo mwenzake akaja kunishtakia kwamba anapigwa wimbo. Nilimpenda, nasema wazi. Na kwa sababu hiyo hiyo nilimgombeza kuliko wote. Yeye alikuwa ananitazama tu, anasubiri nimalize, kisha anauliza kama arudie.

Basi ikapangwa Jumapili moja watoto waongoze ibada. Waimbe, wasome, waonyeshe walichochora na walichoshona. Kinanda apige Kijiko, na kwangu hilo halikuwa na mjadala. Nilipomwambia, akauliza kama bibi yake anaweza kuja kusikia. Bibi hakuwa amewahi kukanyaga kanisani, na hakuamini kwamba mtoto wake anajua kitu kama hicho. Alidhani kila Jumamosi anafuata mkate.

"Nataka asikie mwenyewe," aliniambia.

Tangu hapo hakuwa na habari nyingine. Ukimwambia afunge dirisha anakuuliza kama Jumapili bibi atakaa wapi.

Lakini tuna mzee wa kanisa mmoja, fundi magari, ambaye tunamwita Breki. Si kwa sababu ya magari. Ni kwa sababu kila jambo likianza kwenda, yeye yupo. Si mtu mbaya hata kidogo, ukiugua ndiye wa kwanza kubisha hodi, ila ana taratibu zake. Akasema mbele ya ibada hapigi chombo mtu ambaye hajaokoka, awe mkubwa awe mdogo, ndivyo ilivyokuwa tangu kanisa linajengwa. Nikamwambia huyu ni mtoto. Akasema hata watoto wanaokoka. Nikamuuliza mbona yule anayefunga spika hatujawahi kumuuliza habari za wokovu. Akasema spika si ibada. Mama Mchungaji akaona tutashikana mashati, akasema neno lenyewe ni dogo, tuwaulize watoto.

Jumamosi ile mvua ilikuwa inapiga bati, husikii hata unachosema mwenyewe. Mama Mchungaji akasimama mbele, akapaza sauti: nani hapa ameokoka, anyooshe mkono. Mikono michache ikapanda nusunusu, kwa aibu. Wa Kijiko ulipanda wima. Breki akamsogelea, akainama, akamuuliza lini.

"Jana," akasema Kijiko. "Na juzi. Na leo asubuhi kabla ya mvua."

Breki akashika kifua. Akamuuliza kama nyumbani yuko peke yake katika jambo hilo. Akajibiwa kwamba yeye na bibi wako pamoja, tena bibi ndiye aliyemfundisha, na kwamba kuna watu wanawacheka njiani lakini wao hawajali. Niliona machozi yanamlengalenga mzee wa watu. Alinijia pale kwenye kinanda, akasema sisi wakubwa tunaokoka mara moja tunakaa, na mtoto huyu anafanya upya kila siku. Nikamwambia si nilikuambia. Sikujua lolote. Nilijua tu kwamba nimemshinda Breki, na raha yake haielezeki.

Jumapili bibi akaja. Mrefu, mwembamba, amevaa koti la mwanamume lililomzidi mikono. Gunia lake aliliacha nje ya mlango, mahali anapoweza kuliona, akakaa benchi la mwisho kabisa. Kijiko alikuwa na gauni nililomshonea kwa vipande vilivyobaki dukani, na shingo yake mwenyewe ilikuwa haikai, kila mara anageuka kuhakikisha bibi hajaondoka. Nilimfinya mara moja atulie. Hakutulia.

Watoto wakasoma vizuri, waliokwama wakanong'onezwa. Ukafika wimbo. Kijiko akapanda kwenye kinanda, akaweka vidole mahali pake, na hapo ndipo Breki alipoinuka. Hakuwemo kwenye ratiba. Akashika kipaza sauti, akawaambia washirika kwamba kabla ya kuimba kuna ushuhuda, na utawatia aibu baadhi ya wazee waliomo humu ndani. Akampa mtoto kile kipaza sauti, akamwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe anavyookoka kila siku.

Kijiko akanitazama. Nikamwashiria aseme tu amalize, tupige wimbo.

"Tunaamka mapema, kabla gari la taka halijapita," akaanza. "Ukichelewa wenzako wanamaliza. Chupa unazikanyaga ili zienee, vifuniko unaviweka mbali. Nyuma ya hoteli ziko nyingi, lakini kuna mbwa. Bibi anasema usichaguechague, beba vyote, utachagua nyumbani."

Walianza kucheka watu wa mbele, halafu kanisa zima. Hawakucheka kwa ubaya, nakubali. Ilikuwa inachekesha, na mimi mwenyewe kicheko kilinipanda kabla sijaelewa kilichotokea. Kijiko akawa anawaangalia, hajui kakosea wapi. Breki jasho lilikuwa linamtiririka. Akainama kumnong'oneza, ila kipaza sauti kilikuwa wazi na wote tukasikia. Akamwambia hakuuliza kuokota, aliuliza kuokoka. Sasa, je, ameokoka?

"Aah," akasema Kijiko. "Hiyo bado."

Breki hakumfukuza. Kama angemfukuza ningemchukia vizuri, nikamaliza. Alimwambia kwa upole kwamba si neno, afuatishe tu sala nyuma yake, maneno machache, aokoke hapo hapo kisha apige wimbo wake. Mtoto akatazama kinanda. Akamtazama bibi kule nyuma. Moyoni nilikuwa namsihi afuatishe, aseme chochote, mambo yaishe.

"Nikisema sasa hivi, nitakuwa nasema kwa ajili ya kinanda," akasema.

Akakilaza kipaza sauti juu ya vibao, taratibu, kama kitu cha kuazima. Akashuka, akaenda kukaa kwenye benchi la kwaya.

Breki akanigeukia nipige mimi. Nikakunja mikono, nikasema vidole vinaniuma. Vidole vilikuwa vizima kabisa. Kilichokuwa kinauma ni moyo, na nilikuwa naona aibu kwa ajili ya kanisa langu, tena nimekasirika kiasi kwamba ningefungua mdomo ningesema ya kujutia. Kwaya ilisimama haijui ianze au ikae. Mama Mchungaji alikuwa ananitazama mimi, mimi namtazama Mchungaji, na Mchungaji anaangalia viatu vyake.

Kule nyuma bibi akasimama.

"Samahani jamani," akasema. "Mimi si mtu wa humu. Huko kuokoka kwenyewe ni nini?"

Watu wakageuka. Mchungaji alijibu mwenyewe, bila kipaza sauti, kama anayeongea na mtu barazani. Akasema ni pale mtu amepotea, hana hata wa kumtafuta, halafu Yesu anamkuta, anamchukua jinsi alivyo, na kuanzia hapo anakuwa wake.

Bibi akamwonyesha Kijiko kwa kidole.

"Basi huyo nilishamwokota," akasema. "Nilimkuta nyuma ya stendi, amezungushiwa shuka, hata kitovu hakijakauka. Nilikuwa natafuta chupa. Huyo Yesu wenu kama na yeye anamtaka, mimi sina ugomvi, tutamlea wawili. Lakini msimnyang'anye kinanda. Nimeacha kazi kuja kumsikia."

Akakaa, akalitupia jicho gunia lake pale nje.

Kijiko hakushtuka. Hadithi hiyo aliijua tangu anapata akili, bibi hakuwahi kumficha. Tuliokuwa hatuijui ni sisi, tuliokunywa naye chai Jumamosi zote zile, tukamfundisha habari za mwana aliyepotea na kondoo aliyepotea, na hatukuwahi kumuuliza yeye katokea wapi. Hakuna aliyecheka tena. Mama Mchungaji analia, mimi nalia, na nimekasirika kwamba nalia mbele ya wateja wangu.

Mchungaji akamuuliza Breki anasemaje. Hakuwa anamtega, alimwachia kweli. Breki alisimama pale anafuta viganja kwenye suruali, kama anavyofanya gereji akikwama. Halafu akaenda kwenye benchi la kwaya, akachuchumaa mbele ya mtoto. Alichomwambia sikukisikia, na mpaka leo hakuna aliyeniambia. Niliona tu anaongea, Kijiko anaitikia kwa kichwa, kisha wanakuja wote wawili. Breki mwenyewe akaondoa kipaza sauti kwenye vibao, akakisogeza kiti mbele, maana kilikuwa mbali, na miguu ya mtoto haifiki.

Kijiko akapiga. Ubeti wa kwanza alikimbia mno, nikamkazia macho, akapunguza. Kila alipofika kwenye kibao kile alikibonyeza, na sauti yake ndogo ikatoka pale pale inapotakiwa. Ubeti wa pili watoto wakaanza kuitoa pamoja naye. Wa mwisho walikuwa wanaitoa hata watu wa kwenye mabenchi, wamesimama, na katikati yao nikamsikia Breki, nje ya wimbo kama kawaida yake. Bibi hakuimba. Alikuwa amesimama juu ya kitako cha benchi, viatu mkononi, ili aone vidole.

Baada ya ibada nilimkuta nje anafunga mdomo wa gunia. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Akaanza yeye. Akaniuliza kama mimi ndiye yule mwalimu mgomvi. Nikasema ndiye. Akasema mtoto ananisifu sana nyumbani, na nikaona nitalia tena, nikajifanya nachambua uzi kwenye mkono wa koti lake. Akachungulia ndani, kule kwenye kinanda.

"Kile chombo chenu kina jino moja bovu," akasema. "Siku mkitaka kukitupa, niiteni mimi kwanza."

Nikamwambia hakitupwi.

"Wote husema hivyo," akasema. Akajitwisha gunia, akamwita Kijiko waende, kabla wenzao hawajamaliza.