Kombe la Cremona hadi Brescia

Oreste Malagò alimvunja pua Ubaldo Cerlini pale Cremona, mbele ya meza ya kugongea mihuri kadi za mbio, saa tisa alasiri, watu wakiona. Hakutumia ngumi. Alimshika kola kwa mikono miwili, akamvuta, akampiga kichwa. Nilisikia mlio kama wa mtu aliyekanyaga kikapu. Damu ikachuruzika juu ya ovaroli nyeupe ya Ubaldo mpaka kwenye kadi yake ya njia.

"Hiyo ni ya mdogo wangu," Oreste alisema. "Nyingine zinakuja."

Ubaldo alijifuta mdomo, akacheka kwa meno mekundu. "Muuza utumbo we! Mdogo wako hakujua kufunga breki, na wewe hujui. Twende barabarani tuone."

Askari wawili waliruka katikati yao. Mzee wa mihuri akapiga kofi mezani. "Mkitaka kuuana, uaneni nje ya mstari wangu! Malagò, kadi yako hii hapa, muda wako unakimbia!"

Oreste alirukia usukani na tukaondoka. Mimi nilikuwa kiti cha kushoto. Jina langu ni Delmo Bonfatti, fundi wa magari wa Marcaria. Niliyahudumia magari ya Oreste na ya mdogo wake Livio tangu vita ilipokwisha.

Mbio ile ilianzia Brescia, ikashuka hadi Roma, ikarudi tena Brescia, maili elfu moja kwa pumzi moja. Ushindi mkubwa ulikuwa wa viwanda vyenye madereva wa kulipwa. Watu kama sisi tulikuwa na Kombe la Ghirardini, lililopewa jina la dereva wa kwetu aliyefariki. Lilikuwa la kipande cha mwisho peke yake, kutoka Cremona kupitia Mantova hadi Brescia, kilomita mia na thelathini za barabara iliyonyooka kama uzi. Ukiwa mwepesi kuliko wote hapo, kombe ni lako, hata kama kwa jumla umekuwa wa mia moja. Kwa hiyo mwanzoni tulikuwa tukijivuta: tunashuka Roma taratibu, tunatunza matairi na injini, halafu tukifika Cremona tunafungulia.

Mwaka uliotangulia, Livio alifungulia hivyo hivyo. Alikuwa peke yake garini ili liwe jepesi. Kwenye kona ya kuingilia daraja la mto Oglio, hapo kwetu Marcaria, alimfikia Ubaldo kwa nyuma. Magari yaligusana. Ubaldo alipita, na Livio akapaa juu ya ukingo, akaangukia kichwa kwenye mawe ya mto. Ubaldo ndiye aliyechukua kombe. Jioni ile kijiji kizima kilikuwa na kauli moja: Cerlini, mtoto wa mwenye tanuri la matofali la Goito, amemfungia njia mtoto wa mchinja nguruwe na kumuua. Watu walimwaga mavi langoni kwake. Mwezi wa nane mtu alimpiga risasi mbwa wake.

Mimi nilijua jambo ambalo kijiji hakikulijua. Siku ile, kule Roma, nilikuta paipu ya breki ya mbele ya gari la Livio ina ufa. Sikuwa na nyingine. Niliiunga kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, nikaikung'uta kwa kidole, nikamwambia, "Nzuri, nenda." Baada ya mazishi nililichungulia lile gari lililopondeka na kukuta paipu imepasuka palepale nilipoiunga. Nilikata kipande hicho kwa msumeno nikakitupa mtoni. Livio hakufungiwa njia. Ubaldo alifunga breki kabla ya kona kama inavyotakiwa, na Livio akakanyaga, akakuta hakuna kitu.

Nilinyamaza mwaka mzima. Oreste alikuwa akilia kwenye karakana yangu, akiuma mkono wake mwenyewe asisikike nje, na mimi nilikuwa nikimimina divai. Aliponiambia, "Delmo, mwaka huu ukae nami garini, tukamnyang'anye lile kombe," nilikubali.

Tulikuwa tumeacha Cremona nyuma kilomita kumi hivi nilipogeuka na kuliona lile gari la kijivu. Ubaldo alikuwa amegonga muhuri sekunde arobaini baada yetu, na injini yake ilikuwa na nguvu kuliko yetu.

"Yuko nyuma!" nilipiga kelele.

"Aje!" Oreste alijibu. "Mwache aje, mama yangu!"

Alikuja. Karibu na Piadena alitugonga nyuma kwa makusudi, tukiwa kwenye mia na tisini. Shingo yangu ilirudi nyuma nikaona mbingu. Gari lilicheza kushoto, kulia, na watu waliopanga viti vyao kando ya barabara wakakimbilia mashambani, viti vikibaki vimelala. Oreste alilirudisha gari mstarini kwa mikono ile aliyozoea kupindulia nguruwe wa kilo mia mbili. Ubaldo akagonga tena. Kwenye njia ya reli Oreste alifunga breki ghafla bila sababu yoyote isipokuwa kumtaka Ubaldo atuparamie, na Ubaldo akakwepa, akavunja uzio, akarudi barabarani na vipande vya mbao vimening'inia kwenye taa.

Ndani ya Bozzolo walitandika marobota ya majani makavu kwenye kona ya kanisa. Oreste alilichapa robota moja likapasuka hewani, majani yakatujaa machoni na mdomoni. Nilitema mate. Nilipofungua macho, Ubaldo alikuwa ubavuni mwetu, upande wangu, hatua mbili tu kutoka begani pangu. Pua yake ilikuwa imevimba kama bilinganya. Aliinua vidole viwili akatufanyia ishara ya pembe, ile tunayomfanyia mwanamume ambaye mkewe ana hawara.

Tulilivuka daraja la Oglio tukiwa mbele kwa urefu wa gari moja. Sikutazama mtoni.

Mantova tulipita kama waliopagawa. Kwenye kona ya kituo cha treni tulikwaruzana naye ubavu kwa ubavu, bati likalia, na kizuia tope cha gari letu kikang'oka, kikaruka, kikamkata askari mmoja mkononi. Nilimwona akikaa chini barabarani, ameshika mkono wake, anaushangaa. Nilisema, "Oreste, punguza, tumeumiza mtu." Hakunisikia, au alisikia.

Baada ya Mantova barabara inanyooka kwenda Goito, miti mirefu ya mipopla huku na huku, na mfereji wa kumwagilia upande wa kushoto. Hapo Ubaldo alikuja tena sambamba nasi. Alikuwa na nafasi ya kupita, lakini hakupita. Alianza kutusukuma kulia, polepole, kwa ubavu wa gari lake, kuelekea kwenye mipopla. Tairi letu lilikuwa tayari kwenye changarawe. Mashina yale yalipita karibu na bega la Oreste, shu, shu, shu.

"Anatuua!" Oreste alipiga kelele. Usukani ulikuwa ukimtoroka. "Delmo! Mpige! Mpige huyo mbwa!"

Kati ya miguu yangu kulikuwa na nyundo ya shaba ya kufungulia magurudumu, kilo mbili na nusu. Niliinuka nusu, upepo ukinikaba, nikairusha. Sitasema nililenga kioo. Nilimlenga yeye.

Ilipita juu ya kioo chake kifupi, ikampata jichoni. Mikono yake iliachia usukani, yote miwili, kama mtu anayepokea mzigo. Gari la kijivu lilivuka barabara, likapiga mpopla kwa ubavu, likageuka mara mbili, likaingia mferejini tumbo likiwa juu. Maji yaliruka juu kuliko miti.

"Simama!" nilisema. "Oreste, simama, yuko ndani ya maji!"

Alinipiga kiwiko cha mdomo. Meno mawili yalitoka. "Kaa!" alisema. "Kaa hapo! Nani alisimama kwa ajili ya Livio?"

Tulifika Brescia kwa muda wa kwanza. Nilipotolewa kwenye kiti nilikuwa nimejikojolea. Watu walimbeba Oreste mabegani, na mwandishi mmoja wa gazeti aliniuliza imekuwaje na Cerlini. Nilisema aliteleza.

Wakulima walikuwa wamemtoa Ubaldo mferejini akiwa hai. Alikuwa amepoteza jicho, na nyonga yake ilivunjika vipande vitatu.

Siku iliyofuata tulipewa kombe kwenye ukumbi, na mchana huohuo Oreste akanipeleka nyumbani kwa Nives, mjane wa Livio, mwanamke mfupi, mwembamba, aliyekuwa akishona magunia ili kuishi. Alikuwa ameweka sufuria ya maji motoni kwa ajili ya tambi za boga. Oreste aliweka kombe katikati ya meza, juu ya unga.

"Shemeji, hili lako," alisema. Alikuwa amekunywa tangu asubuhi. "Limerudi nyumbani."

Nives alilitazama. "Wanasema Ubaldo ana jicho moja."

"Anapumua bado." Oreste alifungua koti lake. Kwenye mkanda palikuwa na kisu chake cha machinjioni. "Yuko hospitali, Mantova. Wamenipa kombe lake, sasa nakwenda kuchukua na roho yake. Leo. Nimekuja kukuaga tu."

"Oreste, acha wazimu."

"Alimuua mumeo, Nives!"

Alielekea mlangoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sijui niliamua saa ngapi. Nilijikuta nimeweka mikono kwenye miimo, huku na huku.

"Hakumuua," nilisema. "Ni breki. Paipu ilipasuka. Niliiunga mimi, Roma, na nilijua ni mbovu. Ubaldo hakufanya kitu."

Oreste alisimama. "Rudia."

"Niliikata baadaye nikaitupa mtoni. Nilikuacha uamini."

Hakutoa kisu. Nashukuru, ingawa wakati ule sikushukuru. Alinipiga ngumi ya tumbo, nikainama, akanishika nywele akanigonga uso kwenye mwimo wa mlango, mara moja, mara mbili, sijui ngapi. Nilianguka. Akanipiga mateke ya mbavu, na kila teke alitaja jina la mdogo wake. Halafu alichukua lile kombe mezani, fedha nzito yenye kitako cha jiwe, akanipiga nalo taya. Nilisikia taya likihama. Aliliinua tena kwa mikono miwili na nikaona usoni kwake kwamba safari hii analenga kichwa.

Nives alimmwagia ile sufuria ya maji mkononi na shingoni.

Mayowe aliyotoa sijapata kuyasikia hata kwa nguruwe. Kombe lilianguka. Aliketi sakafuni, ngozi ya mkono ikiwa nyekundu, na akaanza kulia kwa sauti kubwa kama mtoto, na Nives akaketi karibu naye na kumwekea kitambaa chenye maji baridi. Hakunisogelea. Alisema bila kunitazama:

"Ulikula hapa Krismasi. Ulikaa kwenye kiti chake."

Nilishika taya langu, lilikuwa limevunjika.

"Toka, Delmo. Tambaa ukitaka, lakini toka."

Nilitambaa. Jirani aliniweka kwenye mkokoteni wa maziwa.

Hospitali ya Mantova ilikuwa imejaa majeruhi wa mbio, wakanilaza chumba kimoja na Ubaldo, kitanda cha tatu kutoka kwake. Nilikuwa nimefungwa waya mdomoni. Siku ya nne niliomba karatasi, nikaandika kila kitu, paipu na nyundo, na mtawa muuguzi akampelekea. Alisoma kwa jicho lake moja, polepole, na akarudia.

"Nilidhani ni jiwe lililorushwa na tairi lenu," alisema.

Siku mbili baadaye, asubuhi, aliongea, akitazama dari.

"Mwaka mzima nimesema amenigonga nyuma, amenigonga nyuma, hakuweza kusimama. Hata mama yangu mwenyewe aliniuliza, 'Kweli, Ubaldo?' Unajua hiyo ni nini, fundi? Mama yako akuulize kweli? Na siku ile ya mbio niliwasukuma kwenye miti kweli. Nilitaka mfe. Kwa sababu kama nimeshahukumiwa, basi angalau niwe nimefanya. Sasa ita askari. Waambie. Sauti iwe kubwa, wasikie hadi Marcaria."

Waya ulipotolewa, niliwaambia. Nilipata miaka minne jela, nikakaa mitatu. Oreste alipata miezi minane kwa taya langu na kwa yule askari wa Mantova, na alinyimwa ruhusa ya kukimbia mbio maisha yake yote. Ubaldo naye alifungiwa mbio, ingawa kwa nyonga ile hakuna gari ambalo angeliendesha. Nimesikia kwamba Oreste alikwenda Goito alipotoka, akasimama langoni kwa Cerlini tangu asubuhi hadi mchana kofia mkononi, na kwamba Ubaldo alimwona dirishani na hakushuka. Alikwenda tena wiki iliyofuata. Mara ya tatu mlango ulifunguliwa. Walichoongea hawajamwambia mtu.

Wasimamizi wa mbio walitufuta sisi na Ubaldo, wakashuka kwenye orodha yao hadi kwa mtu aliyefuata. Alikuwa daktari wa mifugo wa Lodi mwenye gari dogo la bluu, ambaye siku ile alitoka Cremona akiwa na haraka ya kumaliza mbio kwa sababu ng'ombe wa mtu alikuwa karibu kuzaa. Walipompelekea kombe, likiwa limebonyea pale lilipokutana na taya langu, aliwauliza ni la nini.