Kwa Juma, Kwa Jua

Ilikuwa mwaka wa 2016, majira ya baridi. Dobi wa hospitali alikuwa akishuka katika chumba cha kufulia, chini ya ardhi, kabla ya jua kuchomoza, na kutoka likiwa limekwisha kuzama. Mifupa ilimuuma, na mikono ilishindwa kunyanyua mashuka yaliyolowa. Msimamizi alimwambia waziwazi: asipopata nafuu kufikia mwisho wa mwezi, nafasi yake atapewa mwingine.

Tabibu alimpima damu. Vitamini D ilikuwa tisa, nayo ilipaswa kupita ishirini. Akampa vidonge vinane na karatasi yenye mwandiko wa mbiombio.

"Yasemaje?" aliuliza wifi yake, aliyeshika naye zamu moja.

"Kimoja kwa jua."

Basi kila adhuhuri dobi alijikokota ngazini mpaka uani, akameza kidonge huku ameuelekeza uso juani. Wifi akabaki na mashine mbili.

"Nenda, mjusi wee, kaote jua lako," alimtania. "Ila adhuhuri hizi utanilipa."

Siku ya tisa dobi alirudi kwa tabibu, mchovu vilevile, kuomba vingine.

"Mama, nilikupa vya miezi miwili!"

"Uliandika kwa jua."

"Niliandika kwa juma. Kimoja kwa wiki."

Dobi aliikodolea macho karatasi. Kati ya *u* na *a* palikuwa na kimkunjo, mithili ya uzi uliochomoka.

"Hiyo ndiyo *m*? *M* ina miguu mitatu, daktari. Hii haina hata mmoja."

Tabibu hakucheka. Vidonge vikizidi, kalsiamu hupanda katika damu na kuumiza figo; hivyo akampima damu palepale. Dobi alingoja kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi.

Kalsiamu haikuzidi. Aliambiwa asimeze kingine chochote mpaka damu ipimwe tena baada ya miezi mitatu. Nguvu, alisema tabibu, hazirudi kwa siku nane. Kisha tabibu, kwa haya, akamwandikia msimamizi kumwombea asiachishwe kazi miezi hiyo mitatu, safari hii kwa herufi kubwa.

Msimamizi aliisoma barua mara mbili, akaguna, akakubali.

Adhuhuri ilipofika, dobi alimfungua wifi yake aproni.

"Panda wewe."

"Mimi siumwi."

"Umepimwa lini? Adhuhuri nane, wifi. Hii ya kwanza."

Akazigeukia mashine mbili, akalivuta shuka la kwanza lililolowa, nusu, kisha nusu nyingine.